Fundi Baridi na Wasomaji Wake

Fundi Baridi alikuwa na karakana ya majokofu kando ya barabara iendayo sokoni, katikati ya kinyozi na duka la sare za shule. Jina hilo alilipata kwa kazi yake, na pia kwa tabia. Mteja angeingia akifoka kwamba jokofu limemuozeshea chakula chote, na Fundi angemsikiliza mpaka mwisho, akajifuta mikono kwa kitambaa, kisha akauliza, "Lilikuwa linatoa mlio kabla ya kuzima?" Mteja angejibu, "Limezima tu lenyewe." Hapo ndipo Fundi alipokuwa akiumia ndani kwa ndani, maana tangu aanze kazi hajawahi kuona jokofu lililozima tu lenyewe. Aliliinamisha, akafungua kifuniko cha nyuma, akaanza.

Kwa hiyo iliposikika mtaani kwamba ametunga riwaya ya kutisha, watu walidhani ni mzaha. Mtu ambaye salamu zake zenyewe unazivuta kwa kamba, atapata wapi maneno ya kujaza kitabu?

Alikuwa nayo. Aliyapata kwa mama yake.

Mama huyo aliuza nyuzi, zipu na vifungo maisha yake yote. Alikuwa na ulimi mwepesi na kichwa kisichopoteza kitu. Angekutajia nani alinunua vifungo vya rangi gani kwa ajili ya harusi ya nani. Alipozeeka akahamia kwa mwanawe, na huko kumbukumbu ikaanza kumtoka kama rangi ya nguo, kidogo kidogo, kila ikifuliwa. Akasahau njia ya sokoni. Akasahau kwamba mumewe alishafariki, na kila alipoambiwa alilia upya, mpaka wakaacha kumwambia. Mchana alikuwa akiletwa karakana na kuketishwa kwenye kiti chenye mto, kwa sababu mlio wa majokofu ulimtuliza.

Siku moja Fundi alikuwa amepiga magoti analehemu paipu ya shaba. Mama akamtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama kijana wa watu anayejitahidi.

"Fundi," akasema, "wewe una mama?"

Fundi akazima moto wa kulehemea. "Ninaye."

"Basi mtunze. Sisi wazee tunasahaulika upesi."

Aliwasha moto tena akaendelea na paipu, na lehemu ile ilitoka vibaya, ikambidi airudie kesho yake.

Mama alipofariki, Fundi hakulia sana mbele za watu. Alianza kuandika. Hakuweza kuliandika jambo lile lilivyo. Kila alipojaribu, maneno yalikauka. Lakini tangu ujana alikuwa mlevi wa hadithi za kutisha, na humo akapata mlango. Riwaya yake aliiita "Mvumo". Ndani yake, wafanyakazi wanaochimba mtaro chini ya uwanja wa mpira wanagonga chuma kisichopata kutu. Si bomba, si bomu. Ni mtambo uliofukiwa na viumbe wa sayari nyingine kabla binadamu hajajua kuwasha moto, na sasa umeanza kuvuma. Kila anayelala karibu na uwanja anaamka na kumbukumbu isiyo yake: anakumbuka majua mawili angani, anakumbuka bahari nyeusi, anamkumbuka mtoto mwenye vidole vingi kupita kiasi aliyekuwa akimpenda. Na kila kumbukumbu ngeni inapoingia, moja ya zake inatoka. Viumbe wenyewe hawaonekani hata mara moja. Wanahamia duniani bila miili, kichwa baada ya kichwa. Na katikati ya yote yuko mwanamke mzee muuza vifungo anayemsahau mwanawe, na mwana anayemtazama mama yake akijazwa mtu mwingine.

Alipoipeleka kwa mchapaji, mwenye kiwanda kidogo nyuma ya stendi, balaa la kwanza lilikuwa jalada. Mchapaji alikuwa amechora kiumbe cha kijani chenye macho makubwa kama mayai ya mbuni, kimekamata msichana mwenye gauni jekundu.

"Humu ndani hamna kiumbe," Fundi akasema. "Wala msichana."

"Ndiyo maana nimewaweka nje," mchapaji akajibu. "Ndani ni kwako. Nje ni kwangu, mimi ndiye ninayejua watu wananyoosha mkono kwa sababu gani."

Fundi akaondoka.

Kitabu kikatoka, na kwa kweli kikasomwa. Kinyozi wa jirani alikiweka kwenye benchi la kusubiria, na wateja wakawa wanakisoma wakingoja zamu zao. Hilo lilikuwa neema na msiba kwa pamoja, kwani wengi walisoma pale tu kitabu kilipofunguka, wakafika pale tu zamu ilipowakuta, kisha wakapita karakana na vichwa vilivyonyolewa kutoa hukumu ya kitabu kizima.

"Fundi, kitabu chako hakitishi," mmoja akamwambia. "Watu wanachimba mtaro tu."

"Umefika wapi?"

"Hapo kwenye mtaro."

Kinyozi mwenyewe alikisoma chote, na alikuwa na maoni yake. Alikuja jioni moja kabla ya kufunga, kitana kikiwa bado nyuma ya sikio.

"Mwanzo mtamu mno," akasema. "Pale mchimba mtaro anapoweka sikio kwenye chuma, nilisimamisha mashine kichwani mwa mtu. Lakini mwisho, Fundi, umetuacha hewani. Wale viumbe walitaka nini hasa? Wamekuja, wameingia vichwani, basi. Hata kusema hawasemi."

Kabla Fundi hajafungua kinywa, mwenye duka la sare za shule, mama mmoja mnene na mcheshi, akadakia kutoka mlangoni kwake.

"Wewe Kinyozi huna masikio. Mwisho ndio ulionitetemesha. Mwanzo ndio ulionichosha. Sepetu, mchanga, sepetu, mchanga. Nikasema huyu mtu ananiajiri?"

"Mwanzo ukiutoa kitabu kinabaki nini?"

"Kinabaki kitabu."

Wakaendelea kubishana, mmoja kulia na mwingine kushoto, na Fundi katikati ameshika bisibisi. Alichogundua ni kwamba wote wawili hawakumtaja muuza vifungo. Aliwasubiri. Wakabishana juu ya chuma, juu ya uwanja, juu ya meya wa kitabuni aliyeficha habari. Kisha kila mmoja akafunga duka lake, akaenda kwake.

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Mteja mmoja alimsifu kwa dakika nzima, kisha akakiri kwamba hajakisoma, amesimuliwa na mkewe. Mwingine, mama wa makamo, alikuja na uso umemvimba kwa kukosa usingizi.

"Jokofu langu linavuma," akasema.

"Nitakuja kuliangalia."

"Sina haja uliangalie. Lilikuwa linavuma tangu zamani, sikuwa nalisikia. Sasa nimesoma kitabu chako, nalisikia. Nikitaka kulala nalizima. Maziwa yote yameharibika. Hilo nalo liko juu yako."

Fundi hakujua aombe radhi au ashukuru. Akafanya yote mawili, na mama yule akaondoka bila kuridhika na lolote kati ya hayo.

Mwalimu wa fizikia wa shule ya jirani ndiye aliyemchosha zaidi, kwa sababu alikuwa mtu mwema na alikuwa na hoja. Alileta kitabu kikiwa na alama za penseli pembeni.

"Nimekipenda," akasema, na Fundi akajikaza, kwa kuwa alishajifunza kinachofuata. "Ila niambie, mtambo umekaa ardhini miaka yote hiyo, nguvu unazipata wapi? Na wimbi linalobeba kumbukumbu, kwa nini linachagua kichwa cha mtu na haligusi cha mbwa? Ukurasa mmoja tu wa maelezo, Fundi. Msomaji mwenye akili atatulia."

"Nitafikiria, Mwalimu."

"Na yule mbwa anayebweka sura ya tatu, anaishia wapi?"

Fundi alikuwa amemsahau kabisa mbwa. Alipokumbuka, alikasirika, kwa kuwa Mwalimu alikuwa na haki.

Nyumbani alikuwa akiyamwaga yote hayo mezani. Mkewe alikuwa mshona mapazia. Meza ya kulia chakula ilikuwa pia meza ya kukatia vitambaa, na mara nyingi Fundi alikula kwenye kona yake huku mita kadhaa za kitambaa zikimpita mbele. Mke alimsikiliza na pini midomoni. Alisema "mh" pale pa kusema "mh". Fundi hakuona ajabu. Mwanamke huyu alisikia kila sura ikiandikwa, na Fundi alishamsomea nusu ya kitabu kwa sauti. Angesema nini kipya?

Kisha mkutubi wa maktaba ya mji akamwalika. Kulikuwa na kikundi cha wasomaji kilichokutana Jumamosi alasiri, na safari hii walikuwa wamechagua "Mvumo". Fundi akavaa shati lililopigwa pasi, akakaa mbele, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Chumba kilikuwa na viti vya plastiki, feni inayozunguka kwa uvivu, na chupa ya chai pembeni.

Mkutubi, mwanamke mwenye sauti ya chini na subira nyingi, akafungua mazungumzo kwa kusema kwamba kitabu kimewagawa watu, na kwamba hiyo ni dalili njema. Kisha akawaachia.

Walikuwa wamekisoma kweli, hilo halina ubishi. Mzee mmoja mstaafu wa posta alisema hajaogopa hivyo tangu utotoni, akakaa. Msichana aliyekuwa na daftari alisema kitabu kina watu wengi mno na yeye aliwachanganya meya na mganga wa zahanati mpaka mwisho. Kijana wa benki akasema hapana, watu ni wachache, mji mzima hauwezi kuwa na watu hao tu. Mmoja akasema mtambo ungeelezwa zaidi. Mwingine akasema hata kilichoelezwa kimezidi. Kitu cha kutisha ukikipa maelezo kinakuwa pasi ya umeme. Mwalimu wa fizikia, aliyekuwa amekaa nyuma, akauliza habari za mbwa. Wakacheka. Wakaanza kubishana wao kwa wao kama mtambo ule ni silaha au ni jahazi la kuhamia, na mjadala ukapamba moto, vidole hewani, viti vikisogezwa. Mwandishi wakamsahau kabisa.

Fundi alivumilia. Mwisho maji yakamfika shingoni, akasimama bila kuombwa.

"Samahani," akasema. "Mnazungumza habari za mtambo. Mtambo ni mtambo tu. Ningeweza kuweka kitu kingine pale. Nataka kuuliza. Na yule mama?"

Wakatazamana.

"Mama yupi?" akauliza msichana wa daftari.

"Muuza vifungo."

"Aa, yule bibi," akasema kijana wa benki, kwa moyo mweupe kabisa. "Nikwambie ukweli, Fundi? Yule ndiye aliyeichelewesha hadithi. Kila mtambo ukianza kunoga, tunarudishwa kwa bibi na vifungo vyake. Mimi ningemuua mapema, sura ya pili hivi, ili tujue mambo ni mazito."

Wawili watatu wakaitikia kwa kichwa. Mkutubi akamtazama Fundi, akaona kitu usoni mwake, akasema kwa haraka kwamba labda sasa wanywe chai.

Fundi alikunywa chai. Akamshukuru kila mmoja. Kijana wa benki alimletea kitabu akitie sahihi, akamuuliza kama cha pili kitakuwa na vita. Fundi akatia sahihi.

Alitembea mpaka nyumbani, na njia nzima alikuwa akizungumza peke yake. Alipofika alimkuta mkewe ameinama juu ya kitambaa cha rangi ya maziwa, anakata. Akaanza hata kabla ya kuvua viatu.

"Wanataka nimuue sura ya pili. Mama. Wamekaa pale, watu wenye macho na masomo, wanahesabu majua ya sayari, wanamtafuta mbwa. Mbwa, mama watoto. Kitabu kizima ni yule mama, na hakuna hata mmoja aliyemwona. Nimeandika kwa maji? Hakuna msomaji hata mmoja katika mji huu."

Mkasi ukasimama.

"Mimi je?" mke akasema.

"Wewe je nini?"

"Mimi nimekisoma. Tangu kimetoka nimekisoma chote, kwa macho yangu, si kwa kusomewa. Hujaniuliza."

Fundi akabaki na kiatu kimoja mkononi. "Nilidhani... Ulikuwa unakijua."

"Nilikuwa nakijua vipande. Basi niulize."

"Umekionaje?"

Akaweka mkasi chini. Hakuwa na haraka. "Yule mama nimemwona. Nimemwona kila ukurasa. Anavyohesabu vifungo kwenye sahani, anavyomwita mtoto wake kwa jina la kaka yake aliyekufa, nimemwona. Na mtoto wake nimemwona, anavyoteseka, masikini. Wanaishi wawili ndani ya nyumba. Mama na mwanawe. Sasa mimi nikawa najiuliza, baba watoto, huyo mama alikuwa anaogeshwa na nani?"

Fundi akakigeuza kiatu mkononi.

"Maana mtoto wake yuko uwanjani na mtambo. Usiku yuko uwanjani, mchana yuko uwanjani. Na mama ni msafi, nguo zimebadilishwa, nywele zimesukwa. Nikasema labda viumbe ndio wanaomsuka." Sauti yake haikupanda. "Umetuletea watu kutoka kwenye nyota ambazo hakuna aliyeziona. Mimi niliyekuwa chumba cha pili umeshindwa kunitia."

Fundi alitaka kusema kwamba riwaya si maisha, kwamba mwana akiwa peke yake hadithi inakaza zaidi. Ilikuwa kweli, na haikumsaidia. Akaweka kiatu chini, akakaa.

Siku kadhaa walizungumza mambo ya nyumba tu. Chumvi imekwisha. Bomba linavuja. Kisha mchapaji akatuma ujumbe: nakala zinakaribia kuisha, anataka kuchapa tena, na kama Fundi ana marekebisho ayalete. Akaongeza kwamba kwa maoni yake yeye mchapaji, msomaji anahitaji kuonyeshwa kiumbe, hata mmoja tu, hata mkono.

Fundi alikaa na karatasi. Akaandika ukurasa wa Mwalimu, wa nguvu za mtambo. Ukasomeka kama maelekezo yanayokuja ndani ya boksi la jokofu jipya. Akauchana. Akampa mbwa mwisho mwema, akakubali kwamba hapo pamependeza. Akajaribu mkono wa kiumbe, akauona wa kijani, akauchana nao. Hasira ikampanda juu ya wote: Kinyozi, benki, fizikia, mchapaji. Jioni moja akaiacha kalamu, akaenda mezani kwa mkewe.

"Nisimulie," akasema.

"Nini?"

"Kumwogesha."

Mke akamtazama kwanza kuona kama ni kazi anatafuta au ni jambo lenyewe. Kisha akaendelea kupinda ukingo wa pazia, akasimulia.

"Alikuwa haogopi maji. Watu husema wagonjwa wa namna ile huogopa. Yeye akishaingia kwenye beseni anatulia, anakuwa mtu. Ananiita dada. Ananifundisha kukunja taulo, kila siku upya, nami kila siku najifunza upya. Na anaongea. Anaongea habari zako."

"Habari zangu?"

"Kila siku. Nina mwanangu, anasema, anafungua kila kitu. Alifungua saa ya baba yake, tukampiga, akairudisha ikawa inatembea kuliko mwanzo. Aliugua homa, nikambeba mgongoni mpaka zahanati, njia nzima ananiuliza gari linatembeaje. Alikuwa anakutaja kwa jina lako, bila kukosea. Ila hakujua kwamba yule mtu wa karakana ndiye wewe."

Fundi alisimama. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Na hukuniambia."

"Sikukuambia."

"Mimi nakaa pale kila siku ananiuliza kama nina mama, na wewe unasikia jina langu chumba cha pili, unanyamaza? Kwa nini, mke wangu? Kwa nini?"

"Kwa sababu ukisikia maji yanamiminwa ulikuwa unatoka nje," mke akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imepanda. "Ulikuwa unachukua kofia unaondoka. Mara ngapi nilikuita unisaidie kumshika? Ungesimama mlangoni tu, ungemsikia mwenyewe. Nilikuwa nimechoka. Mikono imejaa sabuni, mapazia ya watu yananingoja, nikufuate barabarani nikupe habari?"

Walizozana vibaya jioni ile, kama ambavyo hawakuwahi kuzozana mama alipokuwa hai, wakati hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuzozana. Kila mmoja alisema aliyokuwa ameyaficha, na mengine aliyoyazua papo hapo. Walipochoka, mke akaokota kiti, akapasha chai. Wakanywa bila kutazamana.

Kesho yake Fundi akaanza kuandika sura mpya. Akamtia mkwe. Katika sura hiyo mvumo wa mtambo haupenyi maji yanayomiminwa, na ndani ya beseni, kwa muda ule mfupi, muuza vifungo anarudi kuwa mwenyewe. Anamsimulia mkwe habari za mwanawe, huku mwana mwenyewe yuko uwanjani anapambana na chuma, hajui. Sura ile aliiandika bila kufuta. Ilimbidi aache mara mbili kwa sababu haoni karatasi.

Toleo la pili likatoka, na kiumbe cha kijani bado juu ya jalada. Safari hii mchapaji alikuwa amekiongezea jino.

Kinyozi akaja akiwa amenuna. "Umeniharibia kitabu. Kilikuwa kinatisha vizuri, sasa katikati watu wanaoga."

"Mimi hapo ndipo nilipokipenda," mwenye duka la sare akasema. "Lakini mtaro bado ni mrefu."

Mwalimu wa fizikia alifurahi sana kumwona mbwa. Kisha akavua miwani. "Ila maji, Fundi. Kwa nini maji? Wimbi linalopita kwenye mwamba linashindwaje na beseni?" Kijana wa benki alisema kwamba toleo la kwanza lilikuwa bora, na kwamba hayo ndiyo maradhi ya waandishi wote, hawajui pa kuacha. Mkutubi alipita siku moja kuleta jokofu dogo la ofisini. Akasema sura ya beseni ameisoma mara mbili, na kwamba kuna kosa la chapa katika mstari wake wa mwisho. Kosa lilikuwepo kweli. Fundi alikaa analitazama muda mrefu, neno moja limerudiwa mara mbili, palepale alipotaka msomaji azuie pumzi.

Alirudi nyumbani na hasira ile ile ya zamani, akaikuta nakala yake iko mezani, imefunguliwa kifudifudi juu ya kitambaa cha buluu. Mkewe alikuwa anaingiza uzi kwenye sindano ya cherehani.

"Umemaliza?" Fundi akauliza. Safari hii aliuliza mapema.

"Nimemaliza."

"Umekionaje?"

"Sura ya beseni ni nzuri," akasema. Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Lakini yule mkwe si mimi."

"Si wewe vipi? Kila neno ni lako."

"Ni mpole mno. Hachoki. Umemfanya malaika, baba watoto. Mimi siku nyingine nilimfokea mama yako. Siku moja nilimfokea mpaka akajificha uso kwa taulo, nami nikatoka nje nikaketi kwenye ngazi nikalia, nikamwacha peke yake majini. Hilo halimo."

Fundi alivuta pumzi ndefu. Alifikiria mchapaji, na Kinyozi, na wale wote watakaosema kwamba sasa imezidi. Akavuta kiti, akasogeza kitambaa cha buluu pembeni apate pa kuweka viwiko.

"Ulimfokea kwa nini?" akauliza.

Mke akazungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, pole pole, akaitazama sindano ikishuka.

"Ilikuwa asubuhi," akasema, "na wewe ulikuwa ndio umetoka."